Mavune: Maumivu ya Viungo Baada ya Kazi Mpya

Habari niliyo nayo leo ni ya jambo dogo, nalo humpata kila mtu mwenye mwili. Ni yale maumivu yaingiayo katika nyama za miguu, mikono, mgongo au tumbo, mtu anapoanza kazi au mchezo ambao hakuuzoea. Kijana amekaa likizo nzima pasipo kugusa mpira, kisha akarudi shuleni akacheza mchana kutwa. Karani wa mjini amekwenda kwao kumsalimu mama yake, akaona haya kukaa kivulini wakati wazee wanalima, akashika jembe tangu alfajiri hata adhuhuri. Siku ile ile kila mmoja wao hujiona yu mzima kabisa, naye hulala usingizi mzuri na kujisifu moyoni. Asubuhi akitaka kuinuka, mwili unakataa. Kushuka kitandani ni taabu, kuchutama chooni ni taabu kubwa zaidi, na akicheka tumbo linamwuma.

Hali hii ina neno lake katika Kiswahili, nalo ni mavune. Nami nitalitumia neno hilo, maana ni fupi, na lafaa kuliko maneno mengi ya kuzungukazunguka.

Nimechagua kueleza habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu wengi huyaogopa mavune, wakaacha mazoezi mema kabla hayajawafaa kitu, wakisema, "Mchezo huu umenivunja." Ya pili ni kinyume chake. Wako wengine, hasa sisi walimu na wasimamizi wa kazi, tusioyajali hata kidogo. Twadhani kila anayelalamika ni mvivu. Kosa hili la pili laweza kumwua mtu, nami nitaeleza mbele jinsi nilivyolifanya mimi mwenyewe.

Kwanza yatupasa kuyatambua. Mavune hayaji wakati wa kazi. Ukikimbia na ghafula ukasikia kitu kimekatika nyuma ya paja, hata ukashindwa kukanyaga, hayo si mavune bali ni jeraha, na dawa yake ni nyingine. Mavune huja kwa kunyemelea. Huanza saa 12 au 24 hivi baada ya kazi, huzidi siku ya pili, aghalabu hata siku ya tatu, kisha hupungua, na ifikapo siku ya tano au ya saba yamekwisha. Nyama zilizopatwa huwa ngumu na nzito. Ukikaa kimya haziumi sana, lakini ukizinyosha au kuzibonyeza kwa kidole utapiga ukelele. Tena hupatwa pande zote mbili sawasawa, kama miguu yote miwili ilifanya kazi. Goti moja likivimba peke yake, usiseme ni mavune.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Theodore Hough, aliandika habari za mambo haya mwaka 1902, baada ya kuwafanyisha watu kazi ya kidole kwa chombo cha kupimia nguvu. Alitofautisha uchungu wa namna mbili: ule wa uchovu, unaokuja papo hapo kazini na kuondoka mtu akipumzika, na ule unaochelewa. Huo wa pili alisema watoka katika kupasuka kwa kitu ndani ya misuli yenyewe. Lishikeni neno hilo, maana baada yake watu wengi walilisahau kwa muda mrefu, wakafuata njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ni habari ya asidi ya maziwa. Bila shaka wengi wenu mmefundishwa shuleni, na mimi nimeifundisha miaka kadhaa kwa uhodari mwingi, kwamba mtu akifanya kazi ngumu, asidi hujikusanya katika misuli na kuiwasha, na ndiyo sababu ya maumivu ya kesho yake. Asidi yenyewe ni kitu cha kweli. Ndiyo iyafanyayo maziwa ya mgando kuwa makali ulimini. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aliitoa katika maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na baadaye ikajulikana ya kuwa misuli pia huitengeneza ikifanya kazi kwa nguvu na haraka. Mwingereza Archibald Hill na Mjerumani Otto Meyerhof walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa uchunguzi wao juu ya misuli, na huyo Meyerhof alishughulika hasa na asidi hii. Basi watu wakafanya hesabu nyepesi: kazi ngumu huleta asidi, kazi ngumu huleta mavune, kwa hiyo asidi huleta mavune.

Lakini hesabu hiyo ina tundu. Mtu akipumzika, asidi ile huondoka mwilini kwa muda wa saa moja hivi. Mwili huitumia tena kama kuni. Mavune yanapoanza usiku au kesho yake, asidi ilikwisha kuondoka zamani. Mgeni aliyekwenda zake jana mchana hawezi kulaumiwa kwa sahani iliyovunjika leo alfajiri.

Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani walimaliza shauri hilo kwa jaribio ambalo hata mtoto aweza kulifahamu. Waliwakimbiza watu juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, mara umelazwa sawa kama uwanja, mara umeinamishwa kama mteremko. Waliokimbia mahali pa sawa, asidi ilizidi katika damu yao, lakini kesho yake hawakuona mavune ya kutaja. Waliokimbia kwenye mteremko, asidi yao haikuzidi, nao ndio walioumwa. Basi asidi imeachiliwa huru.

Kwa nini mteremko uumize kuliko uwanja, nao ni mwepesi kwa pumzi? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kwa hiyo sitakwenda mbio.

Misuli hujua jambo moja tu, nalo ni kuvuta. Haijui kusukuma. Lakini kuvuta kwake kuna namna tatu. Chukua debe la maji. Ukiliinua kutoka chini, misuli ya mbele ya mkono wako yavuta huku yajikunja na kuwa mifupi. Ukilishika tuli mbele yako, yavuta bila kujikunja wala kunyoka. Sasa ulishushe polepole mpaka chini. Misuli ile ile haijaacha kuvuta, maana ingaliacha, debe lingalianguka na maji kumwagika. Lakini huku ikivuta, uzito unaishinda na kuinyosha. Mmeona watoto wakishindana kuvuta kamba? Upande unaoshindwa hauachi kuvuta. Wamekaza meno na kuchimba visigino, na bado wanaburutwa kuelekea mstarini. Hiyo ndiyo hali ya misuli inayovuta huku ikinyoshwa. Nayo ndiyo iletayo mavune kuliko hali nyingine zote.

Jambo la ajabu ni kwamba kazi hiyo ya kushusha haichoshi moyo wala mapafu. Mwaka 1952 wataalamu wa Uingereza waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, moja imeipa nyingine mgongo. Mmoja alikanyaga kwenda mbele, na mwenziwe kazi yake ilikuwa kuzuia tu, miguu yake ikirudishwa nyuma na nguvu za yule wa kwanza. Walipoonyesha jambo hilo mbele ya wakubwa wa elimu mjini London, mwanamume kijana alikanyaga na mwanamke kijana akazuia. Baada ya muda mfupi mwanamume alikuwa hoi, na bibi yule hakuonekana kujitaabisha. Kuzuia ni rahisi kuliko kusukuma: misuli hula chakula kidogo, na nyuzi chache tu ndizo zinazoitwa kazini. Lakini katika uchache huo ndimo mlimo hatari. Mzigo ni ule ule na wabebaji wamepungua, kwa hiyo kila unyuzi wachukua zaidi ya haki yake.

Mtu yeyote aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu aweza kutoa ushahidi. Kwenda juu hutumia siku kadhaa, na kila hatua mtu hutweta. Mapafu ndiyo yanayolia. Akisha kufika Uhuru, kimo cha meta 5,895, hugeuka, na siku ile ile hushuka mpaka Horombo, ambako ni meta 3,720. Amekwisha kuteremka zaidi ya meta 2,100 kwa siku moja, na kesho yake hushuka tena hata langoni. Njiani hushuka akiimba, maana pumzi imerudi na hewa ni nzuri. Kila hatua ya kushuka, misuli ya mbele ya mapaja huupokea uzito wote wa mwili na kuuzuia goti lisikunjike ghafula. Hesabuni hatua hizo ni elfu ngapi. Siku ya pili mjini Moshi utamkuta bwana huyo mbele ya ngazi tatu tu za duka, ameshika ukuta, anashuka kinyumenyume.

Vilevile mwenye kulima. Hudhani ya kuwa kuinua jembe ndiko kulikomwumiza, na sehemu kubwa ni kule kuinama na kuuzuia mgongo usianguke mbele, mara mia baada ya mia. Mwenye kurukaruka huumizwa na kutua.

Sasa ni nini kinachopasuka? Mwaka 1981 wataalamu wa Uswidi waliwakimbiza watu kushuka ngazi za nyumba ndefu, kisha wakatoa vipande vidogo mno vya misuli yao na kuvitazama kwa darubini yenye nguvu nyingi. Unyuzi mmoja wa msuli si mrefu mtupu kama uzi wa cherehani. Umegawanyika pingili pingili kama muwa, pingili maelfu kwa maelfu, na kati ya pingili na pingili upo mstari ulionyoka, unaozishikanisha. Katika misuli yenye mavune waliona baadhi ya mistari hiyo imepindapinda, imetawanyika, mahali pengine imekatika. Hough, aliyesema mwaka 1902 kwamba kuna kitu kimepasuka, hakuwa mbali na ukweli.

Lakini msisikitike mno kwa neno kupasuka. Ni vidonda vidogo kupita kiasi, tena mwili huanza kuvishughulikia saa ile ile. Maji huingia mahali pale, chembe nyeupe za damu huja kusafisha, na mishipa ya fahamu iliyo karibu huwa mikali kuliko desturi, hata mguso mdogo huonekana kama pigo. Kazi hiyo ya kusafisha na kutengeneza huchukua siku, na ndiyo maana maumivu huchelewa. Kisha nyuzi hujengwa upya, nazo huwa na ustahimilivu kuliko mwanzo. Mtu akirudia kazi ile ile baada ya wiki moja au mbili, mavune ya pili huwa madogo mno kuliko ya kwanza. Hata kazi kidogo tu ya mara ya kwanza, isiyotosha kuumiza sana, humlinda mtu kwa wiki nyingi. Kwa ajili hiyo mkulima wa kila siku haoni kitu, na karani wetu wa mjini yuko kitandani.

Tena ulinzi huo ni wa kazi ile ile na misuli ile ile. Nilipoanza tena kucheza mpira pamoja na wanachuo wangu, nilijisifu kuwa naendesha baiskeli maili sita kila siku kwenda na kurudi chuoni. Baiskeli haikunifaa kitu. Kukanyaga baiskeli ni kusukuma tu, hakuna kutua wala kusimama ghafula. Siku ya pili wanafunzi waliniona nikiandika ubao kwa kuegemea meza, wakacheka, nami sikuwa na la kusema.

Basi mtu akisha kupatwa, afanyeje? Nitasema kweli tupu, kwamba hakuna dawa iyaondoayo mavune mara moja. Muda ndio mganga. Lakini yako mambo yapunguzayo uchungu, na mengine yasiyofaa kitu.

Lifaalo kwanza ni kutembea na kutumia viungo polepole. Mtu mwenye mavune hupenda kulala kutwa, naye akiinuka jioni huwa mgumu kama gogo. Afadhali atembee kwa nafasi, ateke maji kidogo, afagie ua, aogelee ikiwa yuko karibu na maji salama. Mwendo huo mdogo huleta damu katika misuli, na uchungu hupungua kwa saa kadhaa, ingawa hurudi baadaye. Ila asifanye kazi nyingine ya nguvu kwa misuli ile ile iliyoumia. Nguvu zake zimepungua kweli, si kwa kudhani tu, na hata fahamu ya kujua mkono au mguu uko wapi huharibika kidogo. Mtu mwenye mavune ya mikono asipande mnazi, wala asipasue kuni kwa shoka. Maumivu yatakwisha kabla nguvu hazijarudi zote, kwa hiyo asidanganyike.

Kukandwa nako kwafaa. Wataalamu waliokusanya majaribio mengi pamoja na kuyachapisha mwaka 2018 waliona kwamba katika njia zote walizozipima, kukanda ndiko kulikopunguza mavune zaidi. Bibi zetu hawakungoja mwaka huo. Tia mafuta ya nazi au ya ufuta yaliyopashwa moto kidogo, na mkono upite kwa uzito wa kadiri, kutoka kiungoni kuelekea moyoni. Asikande kwa hasira! Wako watu wanaodhani ya kuwa uchungu hutolewa kwa uchungu, nao humkanyaga mgonjwa kama udongo wa kufinyangia. Huko ni kuongeza vidonda juu ya vidonda. Na habari ya majani yanayotiwa katika mafuta, sitawanyang'anya watu majani yao. Lakini nadhani joto na mkono ndivyo vifanyavyo kazi.

Maji ya moto ya kuoga hulegeza ugumu, na jioni ni raha. Maji ya baridi nayo yamesifiwa sana na wanamichezo wa Ulaya na Marekani, ambao hukaa dakika chache ndani ya maji ya digrii 10 mpaka 15 mara baada ya mchezo. Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2012 kutoka majaribio madogo 17 ulionyesha kwamba yapunguza mavune, ukilinganisha na kupumzika tu. Mwenye kukaa karibu na mto wa mlimani aweza kujaribu alfajiri, ikiwa ana moyo mgumu. Mtu wa Tanga au Mombasa asisumbuke kutafuta barafu.

Kunyosha viungo, yaani kuvuta mguu au mkono kabla ya mchezo na baada yake, ni desturi ya kila timu, nami siikatazi. Lakini kwa mavune haifai sana. Majaribio yaliyokusanywa na kuchapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba ukiyapima maumivu kwa alama 100, kunyosha kwapunguza alama moja au chache tu, kiasi ambacho mtu hawezi hata kukitambua.

Chakula na usingizi havina budi. Nyuzi zinajengwa upya, na fundi hajengi bila matofali: maharage, kunde, samaki, mayai, maziwa, dagaa, chochote cha namna hiyo nyumbani kipo. Na maji ya kunywa yawe mengi, hasa mahali pa joto.

Ama vidonge, mtu akishindwa kulala aweza kumeza paracetamoli kwa kiasi kilichoandikwa. Ibuprofeni na asipirini zaweza kuumiza tumbo, na ibuprofeni huleta hatari kwa figo za mtu aliyekauka maji baada ya kazi ya juani. Na asipirini haifai kwa watoto pasipo amri ya daktari. Wala isiwe desturi kumeza kidonge kabla ya mchezo ili usisikie kitu. Uchungu ni mlinzi wa mlango, usimlevye.

Lakini afadhali kuliko dawa zote ni kuanza kidogo. Nikisema kidogo, nina maana kidogo hata mtu aone aibu. Chuoni kwetu wanafunzi wapya hawachezi mchezo wote juma la kwanza. Siku ya kwanza hukimbia polepole robo ya saa, wakaruka mara kumi tu, wakaenda zao kuoga, na vijana wenye nguvu hunung'unika kuwa mwalimu anawafanya watoto wadogo. Tunapumzika siku moja au mbili. Mara ya pili twaongeza kidogo, na juma la tatu ndipo wachezapo dakika zote. Na mwenye shamba vilevile: mtu aliyekaa miezi bila jembe alime saa moja siku ya kwanza, si tangu alfajiri hata adhuhuri. Karani wetu asione haya. Wazee wanaomtazama walianza kulima kabla hajazaliwa, na misuli yao haijapata likizo.

Sasa nalifikia lile nililoahidi. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipewa darasa la wavulana wapya. Asubuhi moja walichelewa mstarini. Nikawaamuru waruke kichura kuuzunguka uwanja, nami nikasimama kivulini na saa mkononi. Hesabuni wenyewe, baada ya yale niliyoeleza: kichura ni kuchutama, kuruka na kutua, na kila kutua misuli ya mapaja yazuia uzito wote ikinyoshwa. Hakuna mtu anayeweza kubuni njia bora ya kuivunja, kama angalitaka kufanya hivyo kwa makusudi. Siku ya pili walikuja wakichechemea. Siku ya tatu hawakuweza kushuka ngazi za darasa, wakawa wanashikana mabega na kucheka kwa uchungu. Mimi nilidhani wananifanyia mzaha. Nikawaongezea nusu ya uwanja.

Kijana mmoja alianguka akabaki amekaa. Nilimwambia mvivu. Usiku mpishi wa shule, mama mtu mzima, alinijia mlangoni akasema, "Mwalimu, mtoto yule mapaja yamevimba kama magogo, na mkojo wake ni kama chai ya rangi." Kumbe yeye aliona tangu asubuhi, akanyamaza kwa kudhani ni kichocho, kwa sababu kichocho kilikuwa kingi kwao, tena aliona haya kusema. Tulimpeleka hospitali usiku ule kwa gari la kuazima. Alitiwa maji mshipani siku nyingi. Alipona, namshukuru Mungu, na figo zake zilirudi kazini. Daktari hakunigombeza. Alinieleza tu, na maelezo yale yaliniumiza kuliko ugomvi.

Maelezo yenyewe ni haya. Nyuzi zikivunjika chache, ni mavune. Zikivunjika nyingi mno kwa mara moja, kitu chekundu kilichomo ndani ya misuli, kinachofanana na wekundu wa damu, humwagika katika damu na kufika kwenye figo, nacho huziba na kuziharibu. Mkojo huwa wa kahawia au mweusi, kisha hupungua, na huenda ukakatika kabisa. Madaktari wa Uingereza Bywaters na Beall waliandika habari hiyo mwaka 1941, baada ya kuwaona watu wa London waliofukiwa na nyumba zilizobomolewa kwa mabomu. Watu hao walitolewa kifusini na miguu iliyobanwa, wakaonekana kuwa na nafuu, kisha baada ya siku chache wakafa kwa figo. Hatari ile ile imewapata askari wapya na wanafunzi katika nchi nyingi, waliofanyishwa kuchutama na kuruka kupita kiasi, hasa katika jua kali na pasipo maji.

Mtu mwenye urithi wa selimundu yuko hatarini zaidi, hata kama hajapata kuugua, naye asifanyishwe kazi ya ghafula. Na katika nchi zetu yapo maumivu mengine yanayojifanya mavune. Mtu akiumwa mwili mzima pamoja na homa, kichwa na kutetemeka, hata kama jana alicheza mpira, na apimwe malaria. Mavune hayana homa.

Basi ninyi wenye watoto, na ninyi walimu wenzangu, waulizeni. Mtoto wa kiume hatasema mwenyewe, na wa kike vilevile. Siku ya pili na ya tatu baada ya kazi ngumu, uliza kama misuli imevimba na kukaza, kama anashindwa kabisa kuinua mguu, na mkojo wake una rangi gani. Akisema ni wa kahawia, mpe maji anywe, usimpe ibuprofeni wala asipirini, na tafuta gari la hospitali saa ile ile, usingoje kupambazuke.